Mtito Andei Ilipokesha na Benga

Abiria wengi wa mabasi ya usiku huifahamu Mtito Andei kwa dakika chache tu. Basi husimama, watu hushuka kujinyoosha, kunywa chai na kutafuta choo, kisha honi hulia na safari ya Mombasa au Nairobi ikaendelea. Mji huo uko karibu na nusu ya njia, mpakani mwa Makueni na Taita Taveta, langoni pa mbuga ya Tsavo Magharibi. Kwa msafiri ni kituo cha kupumua. Kwa waliokuwa vijana Ukambani katika miaka ya 1970 na 1980, miji ya barabara hii, kuanzia Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei, ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Huko ndiko watu walikofuata gitaa.

Muziki huo haukuletwa na kampuni kubwa wala na serikali. Uliletwa na bendi za watu wachache, zenye vyombo vya kuazima, zilizojirekodia nyimbo zao, zikajiuzia santuri zao na kujitafutia mahali pa kupiga. Ndiyo maana historia yake ni ya thamani, na ndiyo maana pia ni rahisi ipotee.

Barabara ndiyo iliyotangulia. Reli ya Uganda ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19, ikaacha kituo porini. Tsavo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, na watalii wakaanza kulala njiani. Lami ya barabara kuu ya Mombasa ilipokuja, yalikuja malori, na pamoja na malori wakaja madereva na utingo wenye pesa mkononi na usiku mzima wa kuzitumia. Hoteli, gesti, vituo vya mafuta na baa vikafuatana kandokando ya lami. Baa iliyotaka wateja wakae ilihitaji muziki. Mwanzoni ulikuwa muziki wa santuri, baadaye wa bendi.

Benga yenyewe ilizaliwa mbali na hapa, kwa Wajaluo wa Nyanza, gitaa lilipoanza kuiga midundo ya nyatiti. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilisambaa hadi Mlima Kenya na Ukambani, na kila jamii ikaipa sauti yake. Wakamba waliifanya kali zaidi. Gitaa la solo linakimbia juu kwa noti nyembamba, la pili linalifuata kwa karibu, na ngoma kubwa ya mguuni inapiga bila kuchoka. Watu hawa tangu zamani walisifika kwa ngoma za kuruka na kupindua miili hewani, kwa hiyo muziki wa kusimama na kutikisa kichwa usingewatosha.

Jina linalotajwa kwanza ni la Kakai Kilonzo. Alizaliwa mwaka 1954 Kilimambogo, upande wa Machakos karibu na Thika, na katikati ya miaka ya 1970 bendi yake ya Kilimambogo Brothers ilikuwa imeshika soko. Kakai alikuwa na akili ya biashara kama alivyokuwa na vidole vya gitaa. Aliimba kwa Kikamba, lakini aliimba pia kwa Kiswahili, jambo ambalo bendi nyingi za benga hazikulipa uzito. Ukiitazama barabara ya Mombasa unamwelewa mara moja. Katika baa moja ya Mtito Andei au Voi angeweza kukaa Mkamba, Mtaita, Mkikuyu, Mmijikenda na dereva wa Kisomali, wote wakisubiri lori lipoe au kupambazuke. Mwimbaji aliyewasemesha wote kwa lugha moja aliuza santuri kwa wote.

Pembeni yake walikuwepo wengine. Peter Mwambi na Kyanganga Boys walipendwa na wachezaji kwa solo ndefu zisizomhurumia mtu mwenye goti bovu. Onesmus Musyoki aliongoza Kalambya Boys, na gitaa lake laini likawasindikiza Kalambya Sisters, wanawake wenye sauti nyembamba walioimba pamoja kama mtu mmoja. Wimbo wao wa Katelina, wa miaka ya 1980, ulimhusu msichana anayependa pombe na anayepata mimba mwaka baada ya mwaka. Ulichekesha, ulikera, na ulivuka mipaka ya Ukambani. Ni haki kusema kwamba hakuna bendi ya wanaume iliyopata wimbo wa kuwagombanisha watu namna ile. Katitu Boys wa David Kasyoki nao walikuja na kuirithi hadhira hiyo.

Tuingie sasa kwenye biashara, maana humo ndimo uhuru wa bendi hizi ulimoonekana, na umaskini wao pia. Studio na wauzaji walikuwa Nairobi, hasa mitaa ya River Road na Tom Mboya, ambako duka la Melodica lilifunguliwa mwaka 1971. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza hadithi, upande wa pili gitaa la kuchezea. Lebo zilikuwa nyingi, nyingine zikiwa za mwanamuziki mwenyewe au za mwenye duka. Redioni hali ilikuwa ngumu. Sauti ya Kenya ilizipa lugha za mikoa saa chache, na mwaka 1980 ilipotoka amri kwamba asilimia 75 ya muziki hewani iwe ya Kenya, amri hiyo haikudumu. Ilifutwa baada ya muda mfupi.

Bendi isiyo na redio ilibaki na njia moja ya kutangaza santuri yake, nayo ni kuipiga mbele ya watu. Dansi ya usiku ilikuwa tangazo, soko na mshahara kwa pamoja.

Namna usiku huo ulivyokwenda, wazee wa Ukambani hawana haja ya kukumbushwa. Habari ilifika mapema, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani au kwa mdomo siku ya soko. Pikapu iliingia alasiri na spika, ngoma na jenereta, kwa kuwa miji mingi ya huko ilikaa miaka mingi bila umeme wa kutegemewa. Ua wa baa ulizungushiwa mabati au makuti, na mtu wa kiingilio akasimama mlangoni. Vijana walitoka vijiji vya mbali. Wengine walivuka mto Athi kutoka upande wa Kitui, Ikutha na Mutomo, viatu vizuri vikiwa mkononi ili vumbi lisiviharibu kabla ya wakati wake.

Bendi haikuwa na haraka. Ilianza na nyimbo za polepole, watu wakila nyama na kupimana kwa macho. Saa tano au sita ndipo mpiga solo alipoachiwa njia, wimbo wa dakika tatu ukawa wa dakika ishirini. Mwimbaji alianza kuwataja waliohudhuria: mwenye baa, mwalimu fulani, dereva wa lori fulani, ukoo fulani wa kijiji fulani. Aliyetajwa hakuweza kubaki kwenye kiti. Alikwenda mbele, akamtuza mwimbaji noti, akarudi akicheza. Watu wengi hawakuwahi kuona jina lao gazetini wala kulisikia redioni, lakini walilisikia pale, kwenye spika, mbele ya jirani zao. Hiyo ndiyo nguvu ya benga ambayo santuri peke yake haiwezi kuieleza.

Kukesha hakukuwa anasa tu. Kandokando ya Tsavo, tembo huvuka mashamba usiku, na njia ya kurudi nyumbani gizani si ya kujaribu. Aliyeingia dansini alijua atatoka kukicha, na bendi iliyokoma kupiga saa tisa ingelaumiwa na uwanja mzima.

Barabara ilileta pia muziki wa wengine. Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga wa kutoka Tanga, ilijijenga Mombasa kuanzia mwaka 1971 kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1975. Maroon Commandos, bendi ya jeshi iliyoongozwa na Habel Kifoto, ilitamba mwaka 1977 na Charonyi ni Wasi, wimbo wa Kitaita, lugha ambayo ukitoka Mtito Andei huchukui muda kuisikia. Mkamba wa Kibwezi alizijua nyimbo hizo sawa na zake mwenyewe.

Mwaka 1982, mbali sana na hapa, klabu iitwayo Haçienda ilifunguliwa Manchester, Uingereza, kwa fedha za lebo huru ya Factory na bendi ya New Order. Ilifungwa mwaka 1997. Leo ina vitabu, filamu, makala za kila aina, na jengo la makazi lililosimama mahali pake limebaki na jina lake. Wanaoikumbuka wanaheshimiwa kama mashahidi wa historia. Mwaka uleule Ukambani ilikuwa na bendi zake huru, lebo zake ndogo na uwanja wake wa kukesha. Tofauti si ubora wa usiku wenyewe. Manchester kulikuwa na mtu aliyeshika kamera na mwingine aliyeshika kalamu.

Kakai alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka thelathini na kidogo tu. Kanda za kaseti za wizi zilikuwa tayari zinakula jasho la wanamuziki, na kufikia miaka ya 1990 utengenezaji wa santuri ulikuwa umekwisha nchini. Hata hivyo bendi ziliendelea, kwa sababu kanda ya wizi haiwezi kukutaja jina.

Kilichoubadilisha usiku ni mambo mengine. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, iliziamuru baa kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufunga saa tano usiku. Saa tano ndiyo saa ambayo gitaa lilikuwa linaanza kupata moto. Juni 2017 treni mpya ya SGR ilianza kubeba abiria, ina kituo Mtito Andei pia, lakini abiria wa treni hashuki kunywa chai. Makontena yalipoagizwa yasafirishwe kwa reli, madereva wa malori walipungua na wafanyabiashara wa miji ya barabarani wakalia hadharani. Agizo la mizigo hiyo lilitenguliwa Septemba 2022. Kati ya hapo ikaja kafyu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021. Mwaka mmoja na nusu bila usiku.

Benga haikufa. Redio za Kikamba kama Musyi FM ziliipa saa ambazo Sauti ya Kenya haikuipa, Ken wa Maria akaipeleka hadi klabu za Nairobi, na kizazi cha akina Maima kinajaza viwanja na kutazamwa kwenye simu na Wakamba walioko Ghuba na Marekani. Wanamuziki hao wanarekodiwa kila wiki. Waliowatangulia ndio ambao hawakuwekewa kumbukumbu.

Kazi ya kuihifadhi historia hii imeanza mahali pengine. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa mwaka 2008 utafiti wa benga wenye kitabu, filamu na nyimbo, kisha mwaka 2017 kitabu kikubwa cha historia ya muziki wa Kenya tangu 1946. Serikali za kaunti za Makueni na Kitui zina idara za utamaduni na zina wapiga magitaa wa miaka ile ambao bado wako hai. Ziwaendee na vinasa sauti mwaka huu, si wakati wa kuandika risala za mazishi. Na wewe msomaji, ukiwa na santuri ya zamani, kanda au picha ya dansi ya Emali, Kibwezi au Mtito Andei, usiitupe. Andika nyuma yake majina ya bendi na ya watu, mahali na mwaka, kisha uitunze hadi atakapokuja mtu wa kuitafuta.