Nani Amekula Yuniti? Historia ya Kumsaka Mlaji wa Stima Nyumbani

Leo tuziache lugha za programu kando kidogo tuzungumze kuhusu stima. Msidhani nimehama fani. Lile swali linalosikika katika kila ploti hapa Kenya, "tokeni nilizonunua juzi zimeenda wapi?", ni swali la data, na watu wamekuwa wakilihangaikia kwa zaidi ya miaka 130.

Shida yenyewe ni rahisi kuieleza. Mita inajua jumla tu. Itakwambia mwezi huu umetumia yuniti 90, lakini haitakwambia friji imekula ngapi, pasi ngapi na runinga ngapi. Ni kama kupewa jibu la hesabu ya kujumlisha kisha ukaambiwa utafute namba zilizojumlishwa.

Hapo ndipo lawama zinapoanza. Katika nyumba za kupanga ambako vyumba kadhaa vinatumia mita moja, anayenyooshewa kidole ni mwenye kifaa kinachoonekana: aliyenunua friji, au anayepiga pasi kila asubuhi. Mara nyingine hatia ni yake kweli. Mara nyingine anabebeshwa mzigo wa kifaa kidogo kilicho kimya kwenye chumba cha jirani yake. Bila kipimo, atalipa tu au atahama. Historia ninayotaka kuwasimulia leo ni ya watu waliojaribu kuondoa kubahatisha huku.

Mita ya kupimwa kwa mizani

Thomas Edison alifungua kituo chake cha stima cha Pearl Street jijini New York tarehe 4 Septemba 1882. Alihitaji kujua kila mteja ametumia kiasi gani, na mita aliyobuni haikuwa na namba wala mshale. Zilikuwa chupa zenye mabamba ya zinki yaliyotumbukizwa katika maji yenye chumvi ya zinki. Sehemu ndogo ya umeme wa nyumba ilipitishwa humo, nayo zinki ikahama kutoka bamba moja kwenda jingine. Kila baada ya muda mtu wa kampuni alikuja kuyachukua mabamba na kwenda kuyapima kwa mizani. Uzito ukageuzwa kuwa dola.

Mteja hakuwa na chochote cha kusoma. Kazi yake ilikuwa kulipa. Na kwa kuwa maji yale yangeweza kuganda wakati wa baridi kali, ndani ya mita iliwekwa balbu ya kuyapasha joto. Yaani kipimo cha stima chenyewe kilikuwa kinakula stima!

Mambo yalibadilika mwaka 1889. Mhandisi Ottó Bláthy wa kampuni ya Ganz huko Budapest alitengeneza mita yenye kisahani cha chuma kinachozungushwa na nguvu ya sumaku. Wengi wenu mnakifahamu kisahani hicho. Mita za aina hiyo zilitawala duniani kwa karne nzima, na hapa Kenya zilikuwa kwenye kuta zetu kabla ya zile za tokeni kuanza kuingia mwaka 2009.

Kisahani kilimpa mwenye nyumba uwezo ambao wateja wa Edison hawakuwa nao. Angeweza kuzima kila kitu na kusimama mbele ya mita. Kisahani kikiendelea kuzunguka, kuna kitu bado kinakula. Kisha angewasha kifaa kimoja kimoja huku akihesabu sekunde za kila mzunguko. Sisi waandishi wa programu tunaijua mbinu hiyo: unazima kila sehemu, halafu unarudisha moja baada ya nyingine mpaka tatizo lijitokeze.

Friji yafikishwa mahakamani

Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, watafiti wa California, akiwemo mwanafizikia Arthur Rosenfeld, walianza kuuliza nyumba zinatumia wapi nishati. Friji ilikuwa miongoni mwa washukiwa wakubwa. Katikati ya miaka ya 1970, friji mpya ya kawaida huko Marekani ilikula karibu yuniti 1,800 kwa mwaka. Gawanya kwa saa za mwaka utapata wastani wa wati 205, mchana na usiku.

Tatizo halikuwa ubaridi, bali uundaji: kuta nyembamba zisizozuia joto vizuri na mota zisizo na ufanisi. California iliweka viwango vya lazima katika miaka hiyo ya 1970, na serikali kuu ya Marekani ikafuata. Kufikia kiwango cha mwaka 2001, friji mpya ilikuwa inatumia chini ya yuniti 500 kwa mwaka, tena ikiwa kubwa kuliko ile ya zamani. Hakuna aliyeambiwa anywe maziwa yaliyoganda. Ilitosha kupima na kumbana mtengenezaji.

Kusikiliza nyumba kutoka nje

Sasa tunafika kwa mtu ninayempenda zaidi katika historia hii. Katika miaka ya 1980 George Hart, mtafiti wa MIT, alijiuliza: je, lazima tufunge kipimo kwenye kila kifaa? Alitazama grafu ya nguvu inayoingia katika nyumba nzima na kuona kwamba si mstari wa ovyo. Ina ngazi. Kifaa kikiwashwa, mstari unapanda, kikizimwa, unashuka kwa kiasi kile kile.

Tuseme grafu inapanda wati 150, inakaa dakika kadhaa, inashuka wati 150, na mchezo huo unajirudia usiku kucha. Hiyo ni friji. Inapopanda wati 1,000 kwa ghafla saa kumi na mbili asubuhi, pengine ni pasi. Vifaa viwili vikiwa na wati sawa Hart alikuwa na ujanja mwingine. Mota, kama ya friji, huchukua umeme na kurudisha sehemu yake kwenye waya katika kila mzunguko, lakini pasi haifanyi hivyo. Ukipima mambo hayo mawili kwa pamoja, kila kifaa kinakuwa na saini yake. Yeye na wenzake wawili walipata hataza ya kifaa hicho mwaka 1989, na mwaka 1992 akachapisha makala ndefu ambayo watafiti wanairejelea hadi leo.

Walaji waliolala

Mbinu ya Hart iliwanasa wanaowaka na kuzimika. Vipi kuhusu wale wasiozimika kabisa? Hilo lilikuwa swali la Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley, California. Mwaka 1993 aliandika kuhusu stima inayovuja: runinga iliyozimwa kwa rimoti, adapta iliyobaki kwenye soketi, mashine ya video inayoonyesha saa bila mtu kuitazama.

Mwaka 2000 yeye na J. P. Ross walitoa vipimo vya nyumba 10 za California. Vifaa vilivyokuwa vikisubiri tu vilikula wastani wa wati 67 kwa kila nyumba. Nyumba iliyokuwa na nafuu ilikuwa na wati 14, iliyozidi wenzake 169. Kwa jumla ni kati ya asilimia 5 na 26 ya stima yote ya mwaka, na hakuna aliyefaidika nayo.

Meier alipendekeza kifaa kinachosubiri kisizidi wati 1, na Shirika la Kimataifa la Nishati likaliunga mkono wazo hilo mwaka 1999. Mwaka 2001 Rais George W. Bush aliagiza ofisi za serikali kuu zinunue vifaa vya aina hiyo. Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 2008: wati 1 kuanzia 2010, kisha nusu wati kuanzia 2013, pamoja na nyongeza ndogo kwa vifaa vyenye kioo cha kuonyesha taarifa. Lakini ving'amuzi viliendelea kusumbua. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2011 na shirika la NRDC ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya stima iliyoliwa na ving'amuzi vya nchi hiyo ililiwa wakati hakuna aliyekuwa akivitumia.

Anayejua ni nani?

Mwaka 2009 kampuni kubwa za programu zilijitosa. Google ilileta PowerMeter, Microsoft ikaleta Hohm. Ya kwanza ilifungwa 2011, ya pili 2012, kwa kuwa watu hawakuzichangamkia kama ilivyotarajiwa. Watafiti hawakukata tamaa. REDD, mkusanyiko wa data za nyumba halisi, ulitolewa 2011, na NILMTK, programu huria ya kuigawa jumla ya mita, ikatoka 2014. Mwenye tarakilishi anaweza kuipakua na kuijaribu.

Lakini Hart alikuwa ameshaona upande wa pili. Mwaka 1989, mwaka ule ule wa hataza yake, aliandika makala ya kuonya kwamba mbinu hii inaweza kutumika kuchunguza watu bila wao kujua. Fikiria mwenyewe: grafu inayoonyesha pasi inaonyesha pia umeamka saa ngapi, umesafiri lini, na kama kuna mgeni amelala kwako. Miaka 20 baadaye, mwaka 2009, seneti ya Uholanzi ilikataa kuwalazimisha raia kuwekewa mita za kisasa, sababu kubwa ikiwa faragha. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya mji wa Naperville, iliamua kwamba kukusanya data za mita kila dakika 15 ni upekuzi wa nyumba, ingawa katika kesi hiyo upekuzi ulikuwa na sababu ya kutosha.

Maoni yangu ni kwamba hesabu hii inafaa kufanyika ndani ya nyumba, na jibu libaki kwa anayelipa. Kampuni inahitaji jumla ili itoze. Mimi ndiye ninayehitaji mgawanyo ili nipunguze.

Na huhitaji kungoja programu yoyote. Mita nyingi za tokeni zina taa ndogo inayomweka, na kando yake pameandikwa inamweka mara ngapi kwa kila yuniti. Ikiwa ni mara 1,000, usiku wa leo watu wakishalala hesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Ukipata sekunde 36, nyumba inakula wati 100. Rudia baada ya nusu saa, maana friji huwaka na kuzimika. Wati 100 zisizolala ni yuniti 2.4 kwa siku, au 72 kwa mwezi. Kisha chomoa kimoja kimoja na uhesabu tena, kabla hujamgombeza mwenye pasi.