Kunde za Ziwa Trasimeno

Katika mkoa wa Umbria, katikati ya Italia, kuna ziwa liitwalo Trasimeno, na kandokando yake hulimwa kunde. Ni kunde hasa, jamaa ya hizi tunazopika sisi, mbegu iliyotoka Afrika na kufika huko zamani za kale. Punje zake ni ndogo. Nyingine nyeupe, nyingine nyeusi, nyingine zina madoa. Anayetaka kupika leo chakula alichokula mkulima wa Umbria kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hana budi aanze nazo, kwa maana maharage, nyanya, mahindi, viazi na pilipili hoho vyote vilitoka bara la Amerika.

Mapishi ya kale yapo tele vitabuni. Shida ni kwamba walioyaandika walimwandikia mtu mwenye shamba. Marcus Porcius Cato, mwanasiasa wa Roma, aliandika kitabu cha kilimo yapata mwaka 160 kabla ya Kristo, na humo, pamoja na habari za kukamua zeituni na kutunza ng'ombe, akaeleza mkate wa sadaka uitwao libum. Jibini ratili mbili, itwangwe kinuni mpaka ilainike, unga wa ngano ratili moja, au nusu ratili ya unga mwembamba ukitaka mkate mwororo, yai moja. Changanya, finyanga, weka juu ya majani, kisha oka polepole mekoni chini ya chungu kilichofudikizwa. Ratili ya Kirumi ilikuwa gramu 327 hivi. Majani gani? Jibini ya mnyama gani? Cato hasemi, na msomaji wake hakuwa na haja ya kuambiwa. Wanaoupika sasa wengi hutumia jibini mbichi ya kondoo na majani ya mlaureli, ambayo Cato mwenyewe anayataja anapoeleza mikate ya maji ya zabibu.

Kuna mapishi ambayo hayatarudi kamwe. Waroma walikipenda mno kiungo kiitwacho silfio, utomvu wa mmea ulioota porini Kurene, katika Libya ya leo. Plinio, aliyeandika katika karne ya kwanza, anasema kwamba katika siku zake ulionekana mche mmoja tu, nao ukapelekwa kwa Kaisari Nero. Mapishi yenye silfio yamehifadhiwa katika kitabu chenye jina la Apicius, ila mmea haupo. Wapishi wa Roma waliziba pengo kwa mvuje kutoka Uajemi, naam, mvuje huohuo wa wazee wetu wa pwani, na hata huo waliubana: waliufukia ndani ya chombo cha mbegu za msonobari, wakapikia mbegu zilizoshika harufu.

Kunde zimepona, lakini kidogo tu. Mnamo miaka ya 1580 Annibale Carracci alichora mtu mwenye kofia ya majani akila bakuli la kunde kwa kijiko, mkate na vitunguu vibichi pembeni. Picha hiyo ipo Roma katika jumba la Colonna. Wakati huo maharage ya Amerika yalikuwa yamekwisha kuingia, nayo yakazidi kutwaa nafasi ya kunde mashambani. Kwenye Trasimeno zilibaki.

Kilichokaribia kuziua huko ni kazi yake. Maganda hayakauki kwa pamoja. Mvunaji hupita mstari huohuo kwa wiki kadhaa, akichuma yaliyoiva na kuyaacha mengine. Kisha huanikwa, hupurwa kwa fimbo, hupepetwa penye upepo. Kazi hiyo iliwezekana enzi za mezzadria, mkataba ambao familia nzima ilikaa kwenye ardhi ya kabaila na kumpa nusu ya mavuno. Ulikuwa mkataba mgumu, na sioni sababu ya kuulilia. Vijana walianza kukimbilia viwandani miaka ya 1950, na sheria ya mwaka 1964 ikapiga marufuku mikataba mipya. Mashamba yalipobaki matupu, kunde nazo zikapungua hadi zikabaki kwa wazee wachache waliozipanda kwa ajili ya chungu chao wenyewe. Kutoka kwao ndipo kilimo kilipofufuliwa, na shirika la Slow Food likazichukua katika orodha ya vyakula linavyovilinda. Hazihitaji kulowekwa. Huchemka chini ya saa moja, huliwa na chumvi na mafuta ya zeituni, na bei yake ni kubwa kwa sababu bado huchumwa kwa mkono.

Mbali kidogo kaskazini, karibu na Città di Castello, Livio Dalla Ragione na bintiye Isabella walizunguka kwenye mashamba yaliyohamwa na bustani za watawa wakitafuta miti ya matunda iliyosahauliwa, wakakata vikonyo na kuvipandikiza kwao. Isabella hulinganisha matunda yao na yale ya michoro ya karne ya 15 na ya 16. Baadhi ya mapeasi hayo ni magumu mno kuliwa mabichi. Huchumwa majira ya baridi yanapokaribia, huwekwa hadi yakomae ghalani, kisha hupikwa taratibu kwa divai, na hapo mpishi huelewa kwa nini vitabu vya zamani viliagiza peasi likae motoni muda mrefu hivyo. Peasi laini la dukani, kwa moto huohuo, huwa uji.