MTOTO NA JUA, SEHEMU YA 4: Kiwanja hiki ni cha nani?

 Akina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu ya mama, karibuni, hakuna ubaya.

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu kofia na maji ya kunywa kwa watoto wanaochunga. Leo nilipanga tuongelee macho, lakini nimetumiwa ujumbe wa sauti WhatsApp nikaona tuanze na huo. Ni mrefu leo, kaa vizuri, mnyonyeshe mtoto, tusome taratibu.

Wakubwa wenzangu mnaikumbuka kambi ya Lukole pale Ngara, ya ndugu zetu Warundi. Kuanzia 2007, baadhi ya familia zilizokuwa ukimbizini tangu 1972 zilianza kupelekwa kuishi Marekani, na 2008 kambi ikafungwa. Kuna mama mmoja nilimhudumia kliniki nikiwa nesi mpya kabisa, mikono bado inatetemeka kwenye sindano. Sasa anaishi Phoenix, jimbo la Arizona, mji wa jangwani. Mpaka leo ananiita dada nesi. Juzi akaniambia hivi:

"Dada nesi, huyu mdogo wangu wa miaka tisa amerudi shule anataka gofu. Huku viwanja vya gofu viko kila kona. Vingine vina geti na mlinzi, vingine wanasema ni vya umma. Jua linachoma kama kaa la mkaa. Nimpeleke kipi? Na kweli sisi tunaruhusiwa kuingia?"

Mambo ya jua nitamjibu, ndiyo kazi yangu. Lakini hilo swali la mwisho lilininyima usingizi. Mama amekaa nchi ya watu miaka yote hiyo, analipa kodi, na bado akiona majani ya kijani anajiuliza kama anaruhusiwa kukanyaga. Hiyo hofu ina historia, jamani, na sehemu ya historia hiyo imetoka kwenye fani yangu ya afya.

TUANZE KULE GOFU ILIKOKULIA

Watu wengi tunadhani gofu ilianza kama mchezo wa matajiri. Siyo hivyo. Kule Scotland, kwenye mji wa St Andrews, kuna ardhi ya mchanga na nyasi kando ya bahari. Haikufaa kulima, kwa hiyo ilikuwa ya wote: watu walichunga, walianika nguo, walicheza mpira, walipiga gofu. Mwaka 1457 bunge la Scotland lilipiga marufuku gofu na mpira wa miguu kwa sababu vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde. Mchezo wa wachache hauhitaji kupigwa marufuku na bunge, au siyo?

Mwaka 1552 askofu mkuu John Hamilton aliweka kwenye maandishi haki ya wananchi wa mji kuitumia ardhi ile, kwa mifugo na kwa michezo. Shikeni hilo neno, maandishi, tutalirudia.

Mwaka 1797 mji ulikuwa na madeni, ardhi ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura wakachimba kiwanja chote. Ukatokea ugomvi wa miaka na miaka, mpaka mahakamani. Mwaka 1821 mtu mmoja aitwaye James Cheape akainunua, gofu ikaokoka. Na mwaka 1894 ikatungwa sheria ya bunge, ardhi ikarudi kwa mji.

Leo kiwanja kile kikongwe kinajulikana dunia nzima. Lakini siku ya Jumapili kwa kawaida gofu haichezwi pale. Familia zinatembea juu yake, mama na kigari cha mtoto, baba na mbwa. Hawaombi ruhusa kwa mtu.

KILICHOTUKUTA SISI

Sasa gofu hiyohiyo ilifikaje kwetu? Ilikuja na wakoloni, na ilipofika ilikuwa imeshabadilika. Ilikuwa ya klabu, na klabu ilikuwa na rangi ya ngozi.

Hapa naomba mama mnisikilize kwa makini, maana hili halisemwi sana.

Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kuwa mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria. Ugunduzi mkubwa sana, hata leo chandarua unachofungia mtoto kinatokana na maarifa yale. Miaka michache baadaye watafiti wa Kiingereza waliofanya kazi Afrika wakapima damu za watoto wa Kiafrika, wakakuta wengi wana vimelea ingawa wanacheza tu kama kawaida. Wewe mama ungefikiri wangesema, basi tuwatibu hawa watoto. Ushauri waliotoa ni kwamba Wazungu wajenge mbali nao, umbali ambao mbu hawezi kuruka.

Yaani mtoto wetu alionekana yeye ndiye ugonjwa. Mimi kila siku ya kliniki nachoma kidole cha mtoto nipime malaria, na nikikumbuka hilo huwa naumia.

Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma profesa wa afya, William Simpson, akague Kenya, Uganda na Zanzibar. Alipendekeza miji igawanywe kwa makabila ya watu, na katikati iachwe ardhi tupu. Ardhi hiyo tupu mjini ungeifanyia nini? Viwanja vya michezo. Ukienda Kampala leo, kiwanja cha gofu kiko bondeni Kitante, kati ya kilima cha Nakasero na cha Kololo. Dar es Salaam, Mnazi Mmoja paliachwa wazi kati ya mtaa wa Wahindi na Kariakoo walikoishi Waafrika. Hata hapa mkoani kwetu, ukifika Bukoba utasikia watu wanataja Gymkhana. Hilo lilikuwa jina la vilabu vya michezo vya Waingereza, walilitoa India.

Mwafrika alikanyaga nyasi za gofu, ndiyo, lakini akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine au ameshika fyekeo.

Kwa hiyo bibi zetu walijifunza kuwa ukiona nyasi zimekatwa vizuri, pita mbali. Hakuna aliyetufundisha darasani, tumeirithi tu. Ndiyo sababu yule mama wa Lukole anauliza kama anaruhusiwa.

Ila historia haikuishia hapo. Mnazi Mmoja ileile iliyoachwa wazi ili watu wasichanganyike, baadaye TANU ilifanyia mikutano yake, watu wakajaa wakidai uhuru. Leo tuna kina Madina Iddi walioichezea gofu timu ya taifa ya wanawake. Ardhi inaweza kubadilisha maana yake, watu wakiamua.

NA MAREKANI JE?

Msidhani huko walikuwa wema. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na viwanja vya gofu vya umma, vilivyotunzwa kwa kodi ya wote, lakini mtu mweusi akifika anafukuzwa. Mjini Atlanta familia moja ya weusi, ya kina Holmes, baba daktari na wanawe, waliona hapana. Walikataliwa kucheza kwenye kiwanja cha mji, wakaenda mahakamani. Mwezi Novemba 1955 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kiwanja cha umma hakiwezi kumfungia mtu kwa sababu ya rangi. Chama cha wachezaji wa kulipwa nacho kilikuwa na kifungu kwenye katiba yake kinachoruhusu weupe tu. Kilikifuta mwaka 1961. Mwaka huo ndio sisi tulipata uhuru, siyo zamani sana hivyo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Phoenix, jibu la swali lako la mwisho ni hili: ndiyo, unaruhusiwa. Na siyo kwa huruma ya mtu. Kuna watu walikwenda mahakamani ili mwanao apite pale mlangoni.

SASA NIMPELEKE KIPI?

Haya, tuje kwenye jua. Hata kama hauko Phoenix usiruke hapa, maana mwili wa mtoto ni uleule Biharamulo na Arizona.

Kwanza, tafuta kiwanja cha mji wenyewe, siyo cha hoteli wala cha klabu. Phoenix wana Encanto, cha tangu miaka ya 1930, na Papago cha 1963. Unalipia siku unayocheza tu, huombwi uanachama. Uliza punguzo la wakazi na la watoto, usione aibu. Encanto wana pia kiwanja kifupi cha mashimo 9. Huyo wa miaka tisa mwanzishe hapo. Mashimo 18 kwenye joto ni mwendo wa saa nne na zaidi, hata mtu mzima anachoka.

Pili, angalia saa kabla ya kuangalia bei. Majira ya joto bei zinashuka sana kwa sababu watu wanalikimbia jua. Mwaka 2023 Phoenix walikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Hiyo ni zaidi ya homa kali, mama, na ni hewa unayovuta. Miezi hiyo mtoto aanze alfajiri na awe nyumbani kabla jua halijapanda. Msimu mzuri ni kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kabla hujafunga safari mwezi wa kumi, piga simu kwanza, maana wakati huo hufunga viwanja kwa muda wapande mbegu za nyasi za msimu wa baridi.

Tatu, uliza kuhusu kivuli na maji ya kunywa. Kiwanja chenye miti mikubwa ni bora kuliko kizuri kisicho na mti. Mtoto anywe maji kabla hajasema ana kiu. Nyasi za jangwani mara nyingi humwagiliwa maji taka yaliyosafishwa, siyo ya kunywa. Mwambie asinywe ya mpira wa bustani na anawe mikono kabla ya kula.

Nne, mavazi. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, nguo nyepesi. Kwa watoto wenye ualbino hili ni lazima, siyo hiari, na pia mafuta ya kukinga jua. Hapa kwetu Tanzania yapo yanayotengenezwa Moshi, pale KCMC, kwa ajili yao. Ulizia kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Dalili za hatari: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mkojo kuwa mchache na wa njano iliyokolea. Mpeleke kivulini, mvue nguo za ziada, mmwagie maji, mpepee, mpe maji anywe kidogokidogo. Akianza kuongea ovyo, kuchanganyikiwa au kuzimia, usimnyweshe kitu. Endelea kumpoza huku mnakimbilia hospitali. Hiyo ni dharura.

TURUDI NYUMBANI

Najua kuna mama anasoma hapa Rulenge au Nyakahura anasema, nesi, gofu inanihusu nini mimi? Mwanangu anachezea mpira wa makaratasi.

Inakuhusu hivi. Zahanati moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa jirani na uwanja. Haukuwa na kitu, majani tu na magoli ya miti. Siku ya kliniki wakubwa walicheza pale huku mama wakipima wachanga. Asubuhi moja tukakuta vigingi. Baada ya miezi, misingi ya nyumba. Nani aliuza? Mpaka leo kila mtu anamtazama mwenzake.

Watoto hawakuacha kucheza, watoto hawaachi. Walihamia kando ya barabara. Mwaka huohuo nilimfunga mbao mguuni mtoto wa darasa la pili aliyegongwa na bodaboda akikimbilia mpira. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini yule mtoto hakukosea kitu. Uwanja wake ulikuwa umeuzwa.

Nikajiuliza, wale wa St Andrews walituzidi nini? Nao walikuwa na madeni, nao uwanja wao uliuzwa. Walichokuwa nacho ni maandishi, na watu waliokubali kugombana kwa ajili yake miaka mingi.

Na sisi maandishi tunaweza kuwa nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Halmashauri ya kijiji inapendekeza eneo, mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha, na linaandikwa kwenye rejista. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Siyo wa wanaume tu. Mama, wewe ni mjumbe.

Kazi ya wiki hii ni moja. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa heshima kabisa, umuulize: "Uwanja wanaochezea watoto wetu umeandikwa kwenye rejista ya ardhi ya pamoja?" Kama upo, omba uoneshwe. Kama haupo, omba iwe ajenda ya mkutano ujao, na nenda na wenzako watano. Mmoja peke yake anaambiwa msumbufu.

Yule mama wa Phoenix nimemtumia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja, akacheka akasema dada nesi hujabadilika. Jumamosi alfajiri anampeleka kijana. Nimemwomba anitumie picha akiwa amesimama juu ya nyasi, siyo pembeni.

Sehemu ya 5 tutarudi kwenye macho. Niandikieni hapo chini kijiji chenu kina uwanja au hakina, na mlijibiwa nini kwa mtendaji. Nitasoma zote nikitoka zamu.

Usiku mwema. Chandarua kishushwe kabla ya giza.