Mvinyo mwekundu wa Dodoma: zabibu zivunwazo mara mbili kwa mwaka

MVINYO mwekundu unapotajwa, wengi hufikiria Ufaransa, Italia au Afrika Kusini. Ni wachache wanaokumbuka Dodoma, ambako mkazi wa Nangwa, wilayani Hanang, hufika kwa kupitia Babati na Kondoa, kwa barabara ya lami iliyozinduliwa mwaka 2018.

Kilimo cha zabibu mkoani humo kilianza mwaka 1957 katika misheni ya Bihawana, ambako wamisionari wa Kanisa Katoliki walipanda mizabibu. Baadaye kilienea hadi Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na vijiji vya Chamwino.

Maeneo mengi maarufu kwa mvinyo yako kati ya nyuzi 30 na 50 kutoka Ikweta, na mizabibu yake hupumzika wakati wa baridi. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100. Kwa kuwa hakuna baridi kali, mkulima hupogoa matawi ili mzabibu uchipue upya, na huvuna mara mbili: karibu na mwezi Machi, na tena kati ya Agosti na Septemba. Zabibu za kiangazi huwa na sukari nyingi zaidi na hazishambuliwi sana na ukungu.

Wekundu wa mvinyo hutoka katika maganda. Zabibu hupondwa, kisha mchuzi wake huachwa uchachuke pamoja na maganda kwa siku kadhaa kabla ya kukamuliwa. Maganda hayo ndiyo pia huupa mvinyo ukakasi. Miongoni mwa zabibu nyekundu za Dodoma ni Makutupora na Syrah.

Mnunuzi asome lebo kwanza. Mvinyo mkavu ni ule ambao sukari yake karibu yote imegeuka kuwa kilevi. Mtamu umebakiwa na sukari au umeongezewa. Aidha, atazame zabibu zilikolimwa.

Kwa mkulima, suala kubwa ni soko. Zabibu huharibika siku chache baada ya kuvunwa. Kiwanda kisiponunua kwa wakati, jasho la msimu mzima huozea shambani. Hali hiyo iliwakumba wengi kiwanda cha umma cha DOWICO kilipodorora. Mwenye uwezo wa kukamua na kuhifadhi mchuzi katika matangi ndiye anayeweza kungoja bei nzuri.