Pareto na mafuta ya mimea: Silaha za asili dhidi ya wadudu

MAGWAGWA ni wadi ya eneobunge la Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Katika nyanda hizi za juu za Wagusii, ua jeupe la pareto liliwahi kulipia karo na chumvi, sambamba na majani chai.

Asili ya mmea huo ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo. Uliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Vita vya Pili vya Dunia vilipokatiza biashara ya Japani, iliyokuwa ikiongoza, Kenya ilishika usukani.

Sumu ya pareto ni piretrini, mchanganyiko wa kemikali sita zinazokaa hasa katika vijimbegu vya ua. Huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, naye huanguka papo hapo. Hata hivyo, aliyepata kiasi kidogo huweza kuinuka tena. Ndiyo sababu viwanda huongeza piperonili butoksaidi, inayozuia mwili wake kuivunja sumu hiyo.

Piretrini si mafuta ya harufu kwa maana kamili, kwani hutolewa kwa kiyeyusho. Mafuta ya harufu hukamuliwa kwa mvuke, jinsi wakulima wa Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, walivyofanya na mrehani wenye kafuri kwa usaidizi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Mafuta hayo hufukuza mbu, lakini hupaa upesi na kinga yake ni fupi.

Wanaodhani kuwa cha asili hakidhuru wanakosea. Pareto huua nyuki na samaki pia. Afadhali inyunyizwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, mbali na mito. Isitoshe, jua huimaliza nguvu haraka.

Udhaifu huo mbele ya jua ndio uliofungulia mlango dawa za viwandani, kama vile permetrini iliyobuniwa Uingereza miaka ya 1970. Baadaye malipo yalichelewa, wakulima wengi wakang'oa pareto. Sheria ya 2013 iliruhusu kampuni za kibinafsi kuingia katika biashara hiyo.

Anayepanda upya azingatie mavuno. Ua likichumwa changa huwa na piretrini kidogo, na lisipokaushwa vizuri huvunda gunia zima.