Pete Mguuni mwa Ndege: Kazi ya Vituo vya Utafiti na Wajibu wa Mwananchi

Mwezi Januari 2024, wakazi wa Kaunti ya Siaya walimpata ndege mkubwa aliyedhoofika, mguuni akiwa na pete ya chuma iliyoandikwa nambari pamoja na jina la makumbusho ya Helsinki, Finland. Ndege huyo ni wa aina inayokula samaki, ambayo huzaliana kaskazini mwa Ulaya na kuja Afrika kukwepa baridi. Kwa kuwa waliompata walitoa taarifa, ilibainika kwamba alikuwa amesafiri takriban kilomita 7,000. Ndege mwenyewe alikufa baadaye, lakini habari aliyoibeba iliwafikia waliomvisha pete.

Tukio hilo linaeleza umuhimu wa kazi ambayo wananchi wengi hawaifahamu, yaani uvishaji wa pete kwa ndege. Kazi hiyo hufanywa na watafiti wachache, ila matunda yake hutegemea mtu yeyote atakayempata ndege huyo njiani, awe mvuvi, mkulima, mchungaji au mwanafunzi.

Chanzo na madhumuni

Uvishaji wa pete kwa utaratibu wa kisayansi ulianzishwa mwaka 1899 na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, aliyewavisha ndege pete za alumini zenye nambari. Hadi leo msingi haujabadilika: kila pete ina nambari yake pekee na jina la taasisi inayopaswa kuarifiwa. Ndege anaponaswa tena au kuokotwa, watafiti hupata kujua alikopita, umri aliofikia na kasi ya safari yake. Taarifa za miaka mingi zikikusanywa pamoja, huonyesha iwapo ndege wa aina fulani wanapungua na ni maeneo gani wanayoyategemea kwa chakula na mapumziko.

Ngulia, njia kuu ya ndege wahamao

Nchini Kenya, kituo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Ngulia, katika Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi. Kazi ilianza mwaka 1969, baada ya kugunduliwa kwamba katika usiku wenye ukungu, hasa Novemba na Desemba wakati hakuna mbalamwezi, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli iliyoko juu ya kilima. Tangu wakati huo, mamia ya maelfu ya ndege wamevishwa pete hapo, na baadhi yao wamepatikana tena Ulaya na Mashariki ya Kati.

Miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi ni ndege mdogo wa rangi ya kahawia, Acrocephalus palustris, ambaye huzaliana Ulaya na kukaa kusini mashariki mwa Afrika wakati wa baridi ya kaskazini. Uzito wake ni kama gramu 12 tu. Dume wa aina hii huiga milio ya ndege wengi wa Afrika, kisha huimba milio hiyo anaporejea Ulaya.

Utaratibu wa kazi

Ndege hunaswa kwa nyavu nyembamba zinazosimamishwa kwa nguzo na kukaguliwa mara kwa mara ili asiumie wala kupigwa na jua. Kila ndege hutolewa kwa uangalifu, huwekwa katika mfuko wa kitambaa, kisha hutambuliwa aina, huvishwa pete ya ukubwa unaomfaa, hupimwa bawa na uzito, na kuachiliwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka utafiti wa wanyamapori ufanywe kwa kibali. Hivyo mwananchi haruhusiwi kutega nyavu na kujifanyia kazi hii mwenyewe.

Nafasi ya wanaojitolea

Sehemu kubwa ya kazi hutekelezwa na watu wanaojitolea. Anayeanza hupewa kwanza jukumu la kuandika kumbukumbu, kwani nambari moja ikikosewa habari za ndege huyo huharibika. Baadaye hufundishwa kumtoa ndege wavuni, kumshika bila kumbana kifua na kumpima, daima chini ya macho ya mkufunzi. Mafunzo haya huhitaji subira na idadi kubwa ya ndege kabla ya mtu kuaminiwa kufanya kazi peke yake.

Vituo hivi pia ni darasa kwa umma. Katika pwani ya Watamu, shirika la A Rocha Kenya huvisha ndege pete na kuelimisha jamii na shule zinazozunguka Msitu wa Arabuko-Sokoke. Kwenye Hori ya Mida, ambako vitwitwi na ndege wengine wa ufukweni hukusanyika, kuna daraja la mbao ndani ya mikoko. Ada ya wageni huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wa eneo hilo. Kwa mzazi ambaye karo ya mwanawe imetokana na mikoko hiyo, hifadhi ina maana ya moja kwa moja.

Elimu hiyo pia huondoa hofu. Mwaka 2013, korongo aliyefungwa kifaa cha utafiti alizuiliwa nchini Misri kwa kushukiwa kuwa chombo cha ujasusi. Pete ya ndege haina kifaa cha kusikiliza, wala si hirizi. Ni anwani na nambari tu.

Anayempata ndege mwenye pete afanye nini

Iwapo ndege yu hai na mzima, asomewe nambari na maandishi yote ya pete, apigwe picha ikiwezekana, kisha aachiliwe na pete yake. Pete isitolewe kamwe mguuni mwa ndege aliye hai. Iwapo amejeruhiwa au amedhoofika, ofisi ya karibu ya Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS) iarifiwe mara moja. Ndege aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu, wala asiliwe.

Taarifa iandikwe tarehe, mahali na hali ya ndege, kisha iwasilishwe kwa KWS au kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi. Hata pete kuukuu iliyookotwa bila ndege ni muhimu. Kati ya ndege wadogo mia wanaovishwa pete, kwa kawaida hata mmoja hapatikani tena mbali na alipoachiliwa. Kwa hiyo pete moja iliyotupwa bila kusomwa huenda ikawa habari pekee ya safari hiyo.