Foto za zamani za Masisi na Walikale: huyu ni nani?

Msikilizaji wetu, ukiuliza foto ya tate aliyeishi Masisi au Walikale mwaka 1920, mara nyingi familia itakuambia: hatuna. Siyo kwamba wazee hawakupigwa foto. Walipigwa, lakini albamu ilibaki kwa mwenye kamera.

Ile wakati wenye kamera walikuwa hasa mapadri, maajenti wa serikali ya Wabelgiji, watafiti, na baadaye wenye mashamba makubwa waliopewa udongo chini ya Comité National du Kivu, iliyoundwa 1928. Walitengeneza albamu za kwao: familia imeketi barazani, chai mezani, mbwa, motokari mpya, mtumbwi kwenye ziwa Kivu. Pembeni kuna boyi ameshika trei. Chini ya foto utasoma jina la bibi wa nyumba, hata la mbwa. La boyi, hapana. Na kama foto ni ya kijiji, wanaandika kabila tu, basi.

Foto nyingi za kikoloni ziko leo kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles, lenye jengo lililofunguliwa 1910. Karatasi iko salama. Lakini mtu asiyeandikwa jina, nani atamtambua akiwa mbali hivyo na kijiji chake?

Kuna jambo lingine ambalo zile foto zinaficha. Kamera za zamani zilihitaji mwangaza mwingi na mtu kusimama bila kutikisika. Starehe ya kwetu ilikuwa zaidi jioni: kasiksi, ngoma, hadithi kando ya moto. Ndiyo maana wazee wanaonekana wamenyooka kama maaskari, nyuso kavu, mchana kweupe. Usifikiri hawakucheka.

Walikale ina mfano mzuri wa jina lililookolewa. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck aliandikisha hadithi ya Mwindo kwa Wanyanga. Msimuliaji aliimba, alicheza na kusimulia kwa siku 12. Biebuyck, pamoja na Kahombo Mateene, alitoa kitabu 1969, na ndani yake msimuliaji ana jina: Candi Rureke. Watu wangapi walipigwa foto miaka ile, na leo hatuwezi kuwaita?

Foto ambazo familia zilijilipia zenyewe zilikuja hasa baadaye, kwa wapiga foto wa studio na wale wa kutembea. Ndoa, ubatizo, timu ya mpira, mama na kitenge kipya. Zikawekwa ndani ya sanduku. Halafu vita. Mwaka 1993 vilianzia Ntoto, Walikale, vikafika Masisi, na tangu hapo watu wamekimbia mara ngapi? Unakamata mtoto, sufuria, godoro. Albamu inabaki. Na kwa wengine waliofika Goma, zile zilizookoka ziliungua na nyumba tarehe 17/1/2002, Nyiragongo iliposhusha moto katikati ya mji.

Kwa hiyo iliyobaki, hata moja, ichunguzwe vizuri. Kingo zenye meno-meno, nyeupe na nyeusi, mara nyingi ni ya miaka ya 1940 mpaka mwanzo wa 1960. Rangi zilizogeuka nyekundu-nyekundu, pengine ni ya miaka ya 1970. Tazama shingo ya baba: kravati ilikatazwa wakati wa Mobutu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, abakosti ikachukua nafasi, na ilirudi baada ya hotuba yake ya 24/4/1990. Baba mwenye kravati kwa hiyo ni wa kabla au wa baada. Geuza nyuma pia. Kama kuna muhuri wa Léopoldville, ni ya kabla ya 1966. Kama mtu ameandikwa Jean au Marie, labda ni kabla ya 1972, majina ya Wazungu yalipokatazwa.

Lakini tuseme wazi: foto haitoi haki ya shamba. Mtu kusimama mbele ya nyumba Masisi 1955 inaonyesha tu kwamba siku ile alisimama pale. Tumesikia watu wakizungusha foto za kale kwenye telefone ili kusema nani mgeni na nani mwenyeji. Foto haijui hayo.

Inachojua ni nyuso, na uso unaweza kurudisha mtu. Baada ya 1994, foto za watoto waliopotezana na wazazi zilibandikwa kwenye mbao ili mama apite, atazame, aseme: huyu wangu.

Mwenye kujua majina ya wale wa zamani ni mzee wa miaka 80 au zaidi. Mpelekee foto asubuhi, macho yake yakiwa bado hayajachoka. Uliza kwa luga yake: huyu ni nani? Alikuwa mutoto wa nani? Hii ilipigiwa wapi? Andika nyuma kwa kalamu ya risasi, polepole, maana biki inatoboa na wino wake unapita mbele. Usiplastifie: joto la ile mashini linaharibu foto, na plastiki haitoki tena. Usiiweke karibu na moshi wa jiko. Ipige kwa telefone kivulini, mbele na nyuma, tuma kwa ndugu wawili wanaokaa miji tofauti.

Na kama mzee anakumbuka jina moja tu kati ya sita, andika hilo moja, uonyeshe amesimama wapi: wa pili kutoka kushoto, mwenye kofia.